Mama Kevin na Kadi Mgonjwa ya Gulfton

Siku ya kuniaga ofisini walinikatia keki yenye umbo la seva. Mwokaji alikuwa amekosea, akaweka nyaya mbele na taa nyuma. Nilikula kipande changu bila kumkosoa, na wanaonijua wakaelewa kwamba kweli nimechoka. Kabla sijafuta krimu mdomoni, mkuu wa kitengo akaniomba niwaandikie vijana kurasa mbili: namna ya kutoa kadi ya nyongeza ndani ya seva na kurudishia nyingine. Kurasa mbili zimenishinda. Nilipoanza na bisibisi nilijikuta naandika juu ya mtu aliyenipa bisibisi, na mtu huyo haenei kwenye kurasa mbili.

Nina miaka hamsini na tisa. Mgongo wangu ulistaafu miaka mitatu kabla yangu. Kwa wale ambao wataokota karatasi hizi bila kuijua kazi yetu, niseme hivi: seva ni kompyuta kama nyingine, ila imelazwa kwenye kabati la chuma pamoja na ndugu zake, na haipumziki. Ndani yake kuna ubao mkuu, na juu ya ubao kuna nafasi ndefu nyembamba za kuchomeka kadi. Kadi moja inaongea na mtandao, nyingine inasimamia diski, nyingine inafanya hesabu nzito. Kadi hufa. Mimi nilichomoa zilizokufa nikachomeka nzima. Nilipomweleza mama mkwe wangu kazi hii kwa simu, alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Na baada ya hapo unafanya nini?"

Nilifika Texas kusomea shahada ya pili ya historia, baada ya kufundisha somo hilo sekondari Morogoro. Shahada sikuimaliza. Nilikuwa nimeandika sura mbili na nusu kuhusu wapagazi wa karne ya kumi na tisa, kisha mke wangu akajifungua mapacha, na wapagazi wakabaki njiani na mizigo yao hadi leo. Rafiki mmoja akanitafutia nafasi kwenye kampuni ya kutengeneza seva huko Richardson, pembeni ya Dallas, umbali wa kutembea kutoka kituo cha treni. Niliambiwa wanachukua watu wasio na ujuzi wakawafundisha. Sifa hiyo nilikuwa nayo kwa wingi.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa Kikenya, mfupi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo shingoni. Wote walimwita Mama Kevin, hata Wamarekani, ambao walidhani Mama ndilo jina lake la kwanza. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji Nakuru kwa miaka mingi. Alipohamia Texas aliuguza tena, mgongo ukamkatalia kuinua wagonjwa, akasomea umeme wa kompyuta huku akilea watoto watatu. Alikuwa anaifungua seva kama mtu anayemfungua mtoto nepi: haraka, bila woga, na bila kudharau.

"Ulikuwa unafanya nini kabla?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nilikuwa mwalimu wa historia."

"Aki wewe. Basi hapa utakuwa Mwalimu. Na leo Mwalimu atanyamaza."

Somo la kwanza lilikuwa kutoa kadi ya mtandao. Nilizima mashine, nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, nikavaa mkanda wa mkononi unaozuia ile cheche ndogo ya mwilini isiiue kadi. Nikajiona fundi tayari. Nikaishika kadi pembeni, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena. Mashine nzima ikainuka mezani. Nikaweka goti.

"Mwalimu," alisema kwa upole wa kutisha, "unang'oa jino ama unatoa kadi?"

Mwishoni mwa nafasi kulikuwa na kishikizo kidogo cha plastiki cha rangi ya buluu, ambacho kilipaswa kufunguliwa kwanza. Alikigusa kwa kidole kimoja na kadi ikatoka yenyewe, kama iliyokuwa ikimsubiri. Kitu kikikataa ndani ya seva, vijana wangu, hakikatai kwa ukaidi. Kuna mahali kimeshikiliwa na hujapaona.

Kisha akanifundisha desturi yake. Kabla ya kugusa chochote, mmoja anasoma kwa sauti: jina la mashine lililo kwenye kibandiko, namba ya nafasi, aina ya kadi, na kinachofuata. Wa pili anaangalia na kujibu kile anachokiona. Aliitoa chumba cha upasuaji, ambako walihesabu pamba kwa sauti kabla ya kumshona mtu. Kosa ambalo lilimfanya akunje uso lilikuwa moja tu, la kumjibu kwa kurudia maneno yake.

"Usiniambie nilichosema," alikuwa akisema. "Nilichosema nimekisikia. Niambie unachoona."

Walitucheka, tena sana. Ofisi nzima ilikuwa kimya na vichwa vimeinama, na kwenye kona yetu mama wa makamo na mwanahistoria aliyeshindwa walikuwa wakisomeana namba kama watoto wa darasa la kwanza. Kuna Mmarekani mmoja aliyeuliza kama tunasali. Mama Kevin alimjibu kwamba ndiyo, na kwamba mashine zake yeye ndizo zenye uhitaji zaidi.

Vifaa vyake nilivirithi, na baadhi nitawaachia. Bisibisi lenye ncha ya sumaku, ila sumaku hafifu. Trei ya mayai ya kuwekea skrubu, kila shimo na hatua yake, ili ukirudi nyuma uzikute kwa mpangilio. Mkanda wa karatasi na kalamu ya kuandikia namba kwenye kila kebo kabla haijachomolewa. Tochi ya kuvaa kichwani, ambayo hunifanya nifanane na mchimba madini aliyepotea njia. Na simu ya kupiga picha kabla, wakati na baada. Wakati naanza, simu hazikuwa na picha za maana, na Mama Kevin alikuwa anachora. Nimeyahifadhi madaftari yake mawili. Ukiyafungua utadhani ni michoro ya nyumba: milango, vyumba, na mishale inayoonyesha upepo unapoingia na kutokea.

Upepo ndio ulionipa aibu yangu ya kwanza rasmi. Kadi ikitolewa na nafasi ikabaki tupu, nyuma yake kunabaki tundu, na tundu hilo huzibwa kwa kipande chembamba cha bati. Kinaonekana takataka. Bila kipande hicho feni zinavuta hewa kupitia tundu badala ya kuipitisha juu ya kadi zilizobaki, na mashine inachemka. Kulikuwa na ghala moja Fort Worth ambalo seva yake ilijizima kila siku alasiri. Tulibadilisha feni, tukabadilisha kadi, tukalaumu hali ya hewa, ambayo Texas hulaumika kirahisi. Mara ya tatu Mama Kevin alikwenda mwenyewe, akazunguka nyuma, akakuta tundu wazi.

"Nani alitoa kadi hapa mwisho?"

Alikuwa ni mimi. Bati lenyewe nililikumbuka vizuri pia. Lilikuwa nyumbani, kwenye ukurasa wa mia moja na kitu wa kitabu nilichokuwa nasoma, maana lilikuwa na unene mzuri wa kuonyesha nilipofikia.

Hakunikaripia. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Angalau unasoma." Hadi anaondoka Dallas, alikuwa akinitambulisha kwa wageni kama fundi pekee aliyesimamisha ghala zima kwa ajili ya fasihi.

Aliondoka kufuata wajukuu Houston, akapanga nyumba mtaa wa Alief, akawa anafanya kazi mbili tatu kwa wiki. Mimi nikabaki Richardson nikawa mkubwa wa meza ile. Niliwafundisha wengine desturi yake kwa muda. Halafu kazi zikaongezeka, watu wakapungua, na mtu akiwa peke yake mbele ya mashine anajisikia mjinga kujisomea kwa sauti. Nikaacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi, na nilidhani uzoefu ni kule kutohitaji tena kutazama.

Hapo ndipo ikaja kadi ya Gulfton.

Mama Kevin alinipigia simu siku ya Jumatano. Kulikuwa na zahanati ndogo mtaa wa Gulfton, hukohuko Houston, katikati ya yale maghorofa yaliyojaa familia za wakimbizi na wageni wa kila bara, iliyokuwa ikiendeshwa na muuguzi wa Kikongo aitwaye Mama Furaha. Faili zote za wagonjwa wake, za miaka saba, zilikuwa kwenye seva moja kuukuu iliyofichwa kwenye kistoo cha ndoo na mafagio. Kadi inayosimamia diski ilikuwa inakufa: ikipata joto mashine inaganda, ikipoa inaamka. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini diski yake ilikuwa imejaa miezi mingi nyuma na hakuna aliyegundua.

"Kadi kama hiyo ofisini kwenu iko?" aliniuliza.

Ilikuwepo, kwenye sanduku la vitu vya kutupwa, na mkuu wangu akaniruhusu. Tukakubaliana Jumapili saa saba mchana, akitoka kanisani.

Niliendesha gari kwa muda wa saa nne kutoka Richardson, nikafika saa saba kamili. Mama Furaha alinifungulia. Alikuwa mrefu, amevaa kitenge cha Jumapili na viatu vya kazini, kama mtu ambaye hajaamua kama leo ni sikukuu.

"Karibu, Papa. Njo mashini hii," alisema, akasogeza fagio. "Ba-malade bangu bote biko mule. Kesho saa mbili biko mu mulango."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi juu ya wagonjwa wake, ni kazi ya nusu saa. Nilisubiri dakika ishirini. Mama Kevin akanitumia ujumbe kwamba mhubiri ni mgeni, ametoka mbali, na anaonekana kukusudia kurudisha gharama za safari. Nikafikiria mechi ya jioni, nikafikiria barabara ya kurudi. Nikaanza peke yangu.

Na niliifanya vizuri, jambo ambalo hadi leo linaniuma. Picha, umeme, kitufe, mkanda wa mkononi. Nikatoa kifuniko, nikaandika namba kwenye kebo mbili za diski, nikafungua kishikizo, kadi kuukuu ikatoka bila kuguna. Nikaingiza mpya kwa kuibonyeza sawasawa pande mbili hadi ikalia ule mlio mdogo wa kukaa mahali pake. Nikarudisha kebo. Nikawasha.

Kadi mpya ilizitazama diski nne na haikuzitambua, ikauliza swali lake la kawaida kwenye kioo cha kompyuta: hizi diski ni ngeni, zimetoka kwenye mashine nyingine; unataka nizipokee na mpangilio wao, au niufute mpangilio huo? Mimi na Mama Furaha tulishawahi kuulizwa swali la namna hiyo na afisa wa uhamiaji dirishani. Lakini Richardson, kadi zetu mpya huwa tunazifunga na diski zilizotoka rafuni, zenye mabaki ya wateja waliopita, na jibu letu ni moja siku zote: futa. Nimelijibu mara nyingi kuliko nilivyomjibu mke wangu. Kidole kikaenda chenyewe. Kikathibitisha chenyewe. Nilikuwa naangalia saa.

Kioo kikasema hakuna diski yoyote iliyopangwa. Hakuna cha kuwasha.

"Papa, mbona umenyamaza?" Mama Furaha aliuliza kutoka mlangoni.

"Inawaka taratibu," nilisema. "Ni ya zamani."

Huo ulikuwa uongo, na niliuishi kwa robo saa nzima, nimepiga magoti mbele ya ndoo, nikibonyeza vitufe visivyo na maana ili mikono yangu ionekane inajua kitu. Mama Furaha aliniletea chai. Nikanywa. Sijawahi kunywa chai mbaya kama ile, na ilikuwa nzuri.

Mama Kevin akaingia na kofia yake ya kanisani, kubwa, ya zambarau. Alinitazama mara moja tu.

"Umefika wapi, Mwalimu?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, upesi na kwa sauti ya chini, na maneno mengi ya kiufundi. Nilikuwa najua ninachofanya.

"Hapana," alisema. "Sema kwa Kiswahili. Mwenyewe asikie."

Kwa Kiswahili hapakuwa na mahali pa kujificha. Nilimgeukia Mama Furaha nikamwambia mashine iliniuliza swali, sikulisoma, nikajibu kwa mazoea, na jibu langu limefuta mpangilio wa diski zenye faili zake. Na kwamba nilimdanganya kuhusu kuwaka taratibu.

Aligeuza ndoo juu chini akaikalia. Hakupiga kelele. Alianza kutaja watu.

"Mzee Balume, dawa yake ya damu, nilipandisha dose juzi. Iko mule. Mama Esperance, yule wa sukari. Batoto ba block ile ya nyuma, chanjo yabo yote. Miye nitajuaje nani anakunywa nini? Nitabauliza? Mzee Balume anasemaka kidonge cheupe. Byote ni byeupe!"

Mama Kevin alivua kofia, akaiweka juu ya fagio. "Diski zenyewe umezigusa?"

"Hapana."

"Ume-initialize, yaani umezisafisha? Kuna kitu umeandika juu yake?"

"Hapana. Nilifuta mpangilio tu."

"Basi mgonjwa anapumua." Akamwelekea Mama Furaha. "Mama, sikia. Faili zako zimekatwakatwa vipande, vikatandazwa kwa diski nne kwa mpango fulani. Huyu amechoma karatasi ya mpango. Vipande bado viko. Tukiandika mpango uleule, bila kubadilisha hata namba moja, zitafunguka. Tukikosea namba, hii kadi mpya inaweza kuanza kuandika juu ya vipande, na hapo zimekwisha kabisa."

"Na mupango ule uko wapi?"

Mama Kevin akainua kadi kuukuu niliyokuwa nimeitupa juu ya boksi la glavu. "Huyu mzee ana kumbukumbu yake mwenyewe. Kama bado anakumbuka, atatuambia. Shida yake ni joto. Wacha tumpoze."

Tuliivika ile kadi mfuko wake wa kuzuia cheche, tukaiweka juu ya kiti mbele ya kiyoyozi, tukaikodolea macho kwa saa nzima kama wanafamilia kwenye korido ya hospitali. Nilijaribu kuomba radhi mara ya pili. Mama Furaha akasema, "Papa, acha kwanza," na nikaacha.

Kisha tukairudisha. Safari hii kebo za diski hatukuziunga. Tulitaka iamke peke yake na kusimulia. Mama Kevin akampa Mama Furaha karatasi na kalamu. "Wewe andika. Mwalimu atasoma kutoka kwa kioo. Mimi nitasoma karatasi yako, na yeye atatazama tena. Hatuna muda mrefu."

Kadi ikaamka. Nikafika kwenye ukurasa wa mpangilio, na kweli, mzee alikuwa anakumbuka. Nikasoma aina ya mpangilio. Nikasoma ukubwa wa vipande. Nikasoma zamu ya diski: sifuri, moja, mbili, tatu. Kalamu ilikuwa inakwaruza nyuma yangu.

Mama Kevin akachukua karatasi. "Aina?"

"Ya tano."

"Kipande?"

"Sitini na nne."

"Zamu ya diski?"

"Sifuri, moja, mbili, tatu."

"Mwalimu. Hiyo umenijibu kabla sijamaliza kuuliza. Weka kidole kwa kioo. Soma."

Niliweka kidole. Sifuri. Moja. Halafu kidole changu kikawa kwenye tatu, na mdomo wangu ulikuwa tayari umeshasema mbili. Nikatazama tena. Sifuri, moja, tatu, mbili. Mtu fulani, miaka ya nyuma, alibadilisha diski na kuziweka kwa zamu hiyo, na mimi nilikuwa nimesoma namna namba zinavyofuatana shuleni badala ya zilivyoandikwa mbele yangu.

"Tatu kabla ya mbili," nilisema.

"Rudia."

"Sifuri. Moja. Tatu. Mbili."

Mama Furaha akakata, akaandika upya. Tukapitia yaliyobaki, kila namba mara mbili. Tulipomaliza tu mstari wa mwisho kioo kiliganda. Nikagusa kadi, ilikuwa ya moto. Haikuwaka tena, na mimi niliyewahi kuzitupa kadi kama hizo kwa makumi, niliiweka mezani kwa mikono miwili.

Tukafunga kadi mpya, tukaunga diski, tukaandika mpango: aina, kipande, sifuri, moja, tatu, mbili. Ukabaki ukurasa wa mwisho, unaouliza kama diski zisafishwe kabla ya kuanza, na jibu likawa hapana, tukalisoma watatu kwa sauti. Kikabaki kitufe kimoja.

Mama Kevin hakukigusa. "Mama Furaha, hizi ni faili zako, sio zetu. Tukibonyeza na tumekosea, hakuna kurudi. Kuna watu wenye mashine za kuokoa vitu kama hivi. Tunaweza kufunga hapa, tuwatafute."

"Banakuja lini?"

"Wiki moja. Labda mbili."

Mama Furaha aliipitia karatasi yake kwa kidole, mstari kwa mstari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na masista.

"Kesho Mzee Balume anakuja," alisema. "Mubonyeze. Lakini abonyeze huyu."

"Mimi?" niliuliza.

"Ndiyo, weye. Mwanzo ulikuwa unajua. Sasa unaogopa. Mutu mwenye kuogopa anaangaliaka."

Nikasoma ukurasa wote tena tangu juu, kwa sauti, nikaweka kidole chini ya kila neno. Nikabonyeza.

Diski zikazunguka. Kioo kikawa cheusi kwa muda ambao sitaukadiria, maana ningedanganya tena. Kisha likatokea dirisha la zahanati, lenye picha ya ua na sehemu ya kuandika jina. Mama Furaha akanisogeza kwa nyonga, akaandika: Balume. Faili ikafunguka. Akasoma kipimo cha dawa, tarehe ya juzi, na sahihi yake mwenyewe.

Nilitaka kushangilia. Mama Kevin alikuwa ameshatoa diski ya nje mkobani, pale kati ya Biblia na pipi za wajukuu. "Kwanza copy," alisema. "Nyimbo baadaye." Kulikuwa bado na jua tulipomaliza kunakili, na nyimbo hatukuimba, kwa sababu Mama Furaha alikuwa anachapa orodha ya wagonjwa wa kesho na alitaka meza yake.

Nililala Alief kwenye kochi la Mama Kevin. Asubuhi, badala ya kushika barabara ya Dallas, nilipitia Gulfton. Nilijiambia nataka kupima joto la kadi mpya. Mlango ulikuwa wazi, na watu walikuwa wamejaa ukumbini: akina mama na watoto mgongoni, vijana wa ujenzi wenye buti za vumbi, mzee mmoja aliyeshika chupa ya vidonge vyeupe mapajani kwa mikono yote miwili. Nikapata kiti karibu naye. Kutoka ndani nilisikia feni za seva, sawasawa, bila kukohoa. Mama Furaha akatokea na karatasi yake, akaniona, akasimama ghafla.

"Papa! Kuna shida tena?"

"Hapana, Mama. Hakuna shida."

"Kweli?"

"Kweli. Nimekuja kuangalia tu."

Alinichunguza usoni kidogo, kama anavyopima homa, akaridhika.

"Basi toka mu kiti," alisema. "Kiko cha mugonjwa." Na akageukia upande wa pili, akamwita Mzee Balume kwa jina lake.